Nestorius: Askofu Aliyekataa Kumwita Maryam Mama wa Mungu



Ndugu msomaji, kila mwaka tarehe 15 Agosti ofisi hufungwa katika Rwanda na Burundi. Ni sikukuu ya Wakatoliki ya kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria, na ni mapumziko ya taifa zima, sisi Waislamu tukiwemo. Siku hiyo njia za kwenda Kibeho na Mugera hujaa mahujaji, wazee kwa vijana, wengine kwa miguu. Kibeho ndiko ambako wasichana wa shule walianza kusema, mwaka 1981, kwamba wanatokewa na Bikira Maria, na kwamba amejitambulisha kwao kuwa ni Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno.

Sisi tunaosoma nao darasa moja na kulala nao bweni moja hatuwezi kulikwepa suala hili. Mjadala ukianza, hakosi mmoja wetu wa kusimama na kusema kwamba ibada hiyo yote ni upagani mtupu: kwamba Maria wa Wakristo ni Artemis wa Efeso, au Isis wa Misri, aliyebadilishwa jina tu. Nakiri mbele yako kwamba mtu huyo niliwahi kuwa mimi. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Mwenzangu wa chumba, kijana Mkatoliki mpole, hakukasirika. Aliniuliza jambo moja tu: habari hiyo umeipata wapi? Nilikuwa nimeisoma katika kijitabu kisichotaja chanzo chochote. Nikatafuta jibu, nisilipate.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka maktaba. Huko nilikutana na maisha ya mtu ambaye hoja hii aliitoa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, tena kutoka mimbarini mwa kanisa kubwa la mji mkuu wa Kirumi. Hakuwa Mwislamu. Uislamu ulikuwa bado karibu miaka 200 kuja. Alikuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli, na jina lake ni Nestorius.

KIJANA WA MAR'ASH

Nestorius alizaliwa miaka ya 380 katika mji wa Germanicia, ambao Waarabu waliuita Mar'ash. Leo ni Kahramanmaraş nchini Uturuki, mji tuliousikia sana katika tetemeko la ardhi la Februari 2023. Zama zile ulihesabiwa kuwa sehemu ya Shamu, na kijana mwenye akili wa sehemu hizo alikwenda kusoma Antiokia.

Antiokia ilikuwa na walimu wake na njia yake ya kuisoma Injili. Walimu hao, na mkubwa wao akiwa Theodore wa Mopsuestia, walisisitiza kwamba anayesimuliwa katika Injili ana hali mbili zisizochanganywa. Alipoona njaa, alipolala, alipolia na alipokufa kwa mujibu wa imani yao, hayo yote yalikuwa ya kibinadamu. Uungu wanaouamini wao hauli, haulali, wala haufi. Upande wa pili walikuwapo walimu wa Iskandaria ya Misri, ambao waliona kwamba ukitenganisha hivyo unamgawa Kristo vipande viwili.

Pande zote mbili ziliamini Utatu na ziliamini uungu wa Kristo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo ndugu zetu wanaomtaja Nestorius kana kwamba alikuwa Mwislamu aliyejificha kanisani. Hakuwa hivyo, na tukimpamba kwa sifa asiyokuwa nayo tutakuwa tumemdhulumu yeye na kuwadanganya wasikilizaji wetu.

Nestorius akawa mtawa na padri katika monasteri iliyokuwa karibu na Antiokia. Alikuwa na sauti nzuri na ulimi mwepesi, na sifa za mahubiri yake zikavuka mipaka ya Shamu.

ANAINGIA MJI MKUU

Mwishoni mwa mwaka 427 askofu mkuu wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, alifariki. Makundi ya mji yakaanza kugombania kiti chake, kila kundi na mtu wake. Kaisari Theodosius wa Pili, aliyekuwa kijana wa miaka 20 na kitu, aliona heri kumleta mgeni asiye na kundi. Akamwita mhubiri wa Antiokia. Tarehe 10 Aprili 428 Nestorius akasimikwa.

Mtawa aliyetoka kwenye ukimya wa monasteri alijikuta na mamlaka makubwa ghafla, na hakuyatumia kwa hekima. Katika mahubiri yake ya mwanzo alimtaka Kaisari amsaidie kuisafisha nchi na wazushi, naye kwa malipo atamfungulia mbingu. Siku tano baada ya kusimikwa alichukua hatua ya kubomoa nyumba ya ibada ya Waariani, Wakristo waliomkana Kristo kuwa sawa na Mungu Baba. Wenyewe wakaona bora waiteketeze kwa moto kuliko kuiacha mikononi mwake. Moto ukashika na majengo ya jirani, na watu wa mji wakampa askofu wao mpya jina la utani la mchomaji. Mwezi uliofuata ikatoka sheria kali ya Kaisari dhidi ya madhehebu yote yaliyotengwa.

Mwanahistoria Socrates, aliyeishi mji huo huo na zama hizo hizo, ameyaandika haya bila kumficha. Anamweleza kuwa ni mtu wa maneno mazuri na elimu haba, mwenye haraka na majivuno.

Ndugu msomaji, liweke hili akilini. Aliyewatumia askari wa Kaisari dhidi ya wengine, zamu yake ilikuwa njiani.

JINA LILILOZUA FITINA

Katika mwaka huo huo wa 428, padri Anastasius, aliyekuja na Nestorius kutoka Antiokia, alipanda mimbarini na kuwaonya watu wasimwite Maryam Theotokos. Neno hili la Kiyunani maana yake ni aliyemzaa Mungu, na katika Kiswahili Wakristo husema Mama wa Mungu. Kanisa likachafuka. Watu wakamtazamia askofu mkuu amkemee padri wake. Nestorius hakumkemea, alimtetea, kisha akaanza kuhubiri mwenyewe juu ya suala hilo, mahubiri baada ya mahubiri.

Hoja yake ilikuwa wazi. Maryam ni mwanadamu, na kiumbe hawezi kumzaa Muumba wake. Mtu akisema Mungu ana mama, basi asiwalaumu tena wapagani waliowapa miungu yao mama. Alionya pia kwamba Bikira asifanywe mungu wa kike. Akapendekeza jina la katikati, Christotokos, yaani aliyemzaa Kristo. Kwa mujibu wa askofu mmoja aliyezungumza naye baadaye, alikataa katakata kumwita Mungu mtoto mchanga wa miezi miwili au mitatu.

Kwa hiyo hoja ya upagani haikuanzia kwenye mihadhara yetu. Haikuanzia hata kwa Waprotestanti wa Ulaya. Imeanza ndani ya Kanisa lenyewe, kwa kinywa cha askofu mkuu wa mji mkuu.

Lakini sikiliza vizuri alichokisema. Nestorius hakudai kwamba jina Theotokos limechukuliwa kutoka hekalu la Artemis au Isis. Alisema kwamba jina hilo litawafanya Wakristo wafanane na wapagani. Kusema kitu kinafanana na kingine ni jambo moja. Kusema kimetoka kwa kingine ni jambo la pili, na linadai ushahidi wa peke yake. Mimi katika mjadala wa bwenini nilikuwa nimeyachanganya mawili haya.

Jina lenyewe, aliyekuja kulipinga, alilikuta. Askofu Alexander wa Iskandaria alikuwa amelitumia karibu mwaka 324, miaka 100 kabla yake. Watu wa kawaida walilipenda. Kasrini alikuwamo Pulcheria, dada yake Kaisari, aliyeweka nadhiri ya kutoolewa na aliyemwona Bikira Maria kuwa kiigizo chake. Padri maarufu Proclus, aliyekuwa mmoja wa waliokitaka kile kiti, alihubiri kanisani akilisifu jina la Theotokos huku Nestorius mwenyewe amekaa anasikiliza.

Habari zikafika Iskandaria. Huko alikuwako Cyril, mtu hodari wa elimu, hodari zaidi wa siasa, asiyependa kuuona mji wa Konstantinopoli ukiinuka juu ya mji wake. Akamwandikia Nestorius barua za kumrekebisha, akawaandikia watu wa kasri, akamwandikia Papa Celestine wa Roma. Agosti 430 Roma ikamhukumu Nestorius. Novemba mwaka huo Cyril akamtumia tamko la laana 12 ayakubali au aondoke.

Hata rafiki yake wa zamani, Yohana askofu wa Antiokia, alimshauri alegeze kamba na alikubali lile jina, kwa kuwa wazee wengi wa Kanisa walikwisha kulitumia. Nestorius alisema angeweza kulivumilia likifafanuliwa vizuri. Ila muda wa kufafanua ulikwisha pita.

EFESO, MWAKA 431

Kaisari aliita mkutano mkuu wa maaskofu. Mahali palipochaguliwa ni Efeso, katika Uturuki ya leo, na hapa ndipo kijitabu changu kilipopata chakula chake.

Efeso ulikuwa mji wa Artemis. Hekalu lake lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Kitabu cha Matendo ya Mitume katika Biblia, sura ya 19, kinasimulia jinsi wafua fedha wa mji huo walivyofanya ghasia dhidi ya Paulo kwa kuhofia biashara yao ya vihekalu vya Artemis, na umati ukapiga kelele za kumtukuza kwa muda wa saa mbili. Sasa miaka karibu 400 baadaye maaskofu wanakutana mji huo huo, katika kanisa lililoitwa kwa jina la Maria, kuamua kama yeye ni Mama wa Mungu. Msimuliaji gani ataiacha fursa kama hiyo?

Mkutano ulitakiwa kuanza sikukuu ya Pentekoste, tarehe 7 Juni 431. Yohana wa Antiokia na maaskofu wa Shamu walichelewa njiani. Cyril, aliyekuja na kundi kubwa kutoka Misri, hakuwasubiri. Tarehe 22 Juni alifungua kikao huku mjumbe wa Kaisari akipinga waziwazi. Nestorius aliitwa akakataa kwenda, kwa kuwa mshitaki wake ndiye aliyekalia kiti cha hakimu. Kabla ya usiku kuingia, maaskofu karibu 200 walikuwa wametia saini kumvua cheo. Watu wa mji waliokuwa wakingojea nje tangu asubuhi wakawasindikiza maaskofu kwa mienge hadi walikofikia.

Siku nne baadaye Yohana akawasili. Yeye na maaskofu 40 na ushei wakafanya kikao chao na kumvua cheo Cyril pamoja na askofu wa Efeso. Kaisari, kwa kuchanganyikiwa, akayathibitisha yote mawili, akawaweka viongozi chini ya ulinzi.

Kilichoamua baada ya hapo hakikuwa hoja peke yake. Iskandaria ilimimina zawadi kwa wakubwa wa kasri: dhahabu, mazulia, viti vya pembe za ndovu. Orodha ya zawadi hizo imehifadhiwa mpaka leo katika barua ya msaidizi wa Cyril mwenyewe. Cyril akarudi Misri kwa shangwe. Nestorius, aliyechoka, aliomba kurudi katika monasteri yake karibu na Antiokia, akaruhusiwa.

UHAMISHONI

Akakaa pale miaka minne. Mwaka 433 Yohana na Cyril wakapatana. Tamko lao la mapatano lililikubali jina la Theotokos, na bei ya mapatano ilikuwa Nestorius mwenyewe: rafiki yake alikubali hukumu aliyohukumiwa. Mwaka 435 Kaisari akaamuru vitabu vyake vichomwe na wafuasi wake wasiitwe tena Wakristo. Yule mchomaji sasa vikachomwa vya kwake.

Amri ya kwanza ilikuwa apelekwe Petra, Jordan ya leo. Mwishowe akapelekwa mbali zaidi, kwenye oasisi ya Kharga katika jangwa la Misri, nchi ya hasimu wake. Miaka ikapita. Siku moja oasisi ikavamiwa na Wablemiya, watu wa jangwani waliokuwa wakiishambulia mipaka ya Warumi, naye akachukuliwa mateka pamoja na wengine. Wablemiya hawa walikuwa bado wakimwabudu Isis katika hekalu lake la Philae, kusini mwa Misri, hekalu lililokuja kufungwa katika karne iliyofuata. Aliyeonya mimbarini juu ya kumfanya mama kuwa mungu wa kike akajikuta mikononi mwa watu wanaomwabudu mungu mama hasa.

Cha ajabu ni kwamba watekaji hao walimwachia na kumhimiza aondoke haraka. Mzee huyu angeweza kupotea zake jangwani akawa huru. Hakufanya hivyo. Alikwenda mwenyewe hadi Panopolis, Akhmim ya leo, akajisalimisha na kumwandikia mkuu wa jimbo ili pasiwe na mtu wa kusema ametoroka. Malipo yake yalikuwa kuswagwa huku na huko. Aliamriwa kwenda Elephantine, karibu na Aswan, na akiwa njiani, mgonjwa, akarudishwa. Alianguka akaumia mkono na ubavu. Barua zake za malalamiko zimehifadhiwa kwa sehemu na mwanahistoria Evagrius, ambaye hakumpenda hata kidogo.

Katika hali hiyo aliandika kitabu chake cha mwisho cha kujitetea. Alipata habari za waraka wa Papa Leo wa mwaka 449 akafurahi, akiona kwamba imani iliyoandikwa humo ndiyo aliyoipigania. Yeye mwenyewe hakudai kurudishiwa cheo. Alifariki karibu mwaka 450 au 451, wakati ambapo Pulcheria na mumewe, Kaisari mpya, walikuwa wakiita mkutano mwingine wa maaskofu huko Chalcedon. Mkutano huo ulipokea sehemu kubwa ya waliyoyasema watu wa Antiokia, lakini ukalithibitisha jina la Theotokos na hukumu dhidi ya Nestorius.

Kitabu chake kikadhaniwa kimepotea. Mwishoni mwa karne ya 19 tafsiri yake ya Kisiria ikagunduliwa katika maktaba ya patriaki wa Waashuri, kwenye milima ya mashariki ya Uturuki, na mwaka 1910 ikachapishwa. Tangu hapo wanazuoni wengi, wakiwemo Wakristo, wanasema alihukumiwa kwa maneno ambayo mengine hakuyasema.

Kanisa la Mashariki lililokuwa Iraki na Uajemi halikuanzishwa naye, lakini lilikataa kumlaani. Miongoni mwa watu wa Kanisa hilo walikuwamo waliowatumikia makhalifa wa Baghdad, kama Hunayn ibn Ishaq, tabibu wa karne ya tisa aliyewahamishia Waislamu vitabu vya Galen kwa Kiarabu. Kiongozi wake Timothy wa Kwanza alikaa na Khalifa al-Mahdi, karibu mwaka 781, wakajadiliana kwa siku mbili juu ya Nabii Isa na Mtume wetu (S.A.W.), bila matusi. Na tarehe 11 Novemba 1994 Papa Yohana Paulo wa Pili na Patriaki Dinkha wa Nne walitia saini tamko la pamoja kwamba majina yote mawili, Mama wa Mungu na Mama wa Kristo, yanaeleza imani moja. Imechukua miaka 1,563 tangu Efeso.

JE, NI ARTEMIS AU ISIS?

Sasa turudi kwa mwenzangu wa chumba na swali lake.

Juu ya Artemis, ushahidi ni dhaifu. Artemis wa Efeso hakujulikana kama mama wa mungu yeyote. Hekalu lake liliporwa na Wagothi katika karne ya tatu, na kanisa la Maria halikujengwa juu yake. Kubwa zaidi, jina Theotokos halikuzaliwa Efeso. Linaonekana mapema zaidi Misri, tena katika kalamu za wasomi waliokuwa wakibishana juu ya Kristo.

Juu ya Isis, lipo la kuzungumza. Wamisri walimwita mama wa mungu, na sanamu zake akimnyonyesha mwanawe Horus zinafanana na picha za Maria akimnyonyesha mtoto zilizochorwa katika monasteri za Misri baadaye. Wapo wataalamu wanaoona mkono wa Isis hapo, na wapo wanaosema mama akinyonyesha ni mama akinyonyesha, popote pale. Tunaloweza kusema kwa uaminifu ni kwamba watu walioingia Ukristo hawakuacha mazoea yao yote mlangoni.

Tena Epiphanius, askofu wa Saiprasi, anaandika miaka ya 370 kwamba walikuwako Uarabuni wanawake waliomtolea Maryam mikate kama sadaka. Aliwakemea vikali, akisema Maryam aheshimiwe na asiabudiwe. Maana yake ni kwamba hatari ilijulikana, na Wakristo wenyewe waliipinga. Mpaka leo Mkatoliki atakwambia kwamba anamheshimu Maria na kumwomba amwombee, hamwabudu. Sisi tunaamini dua ni ibada, nayo ni haki ya Allah (S.W.) peke yake, na hapo ndipo tunapotofautiana naye. Lakini tutofautiane na anachokisema yeye, si na tulichomtungia.

Na zile habari za Semiramis wa Babeli na mwanawe, ambazo vijitabu vyetu vinazinakili sana, asili yake ni kitabu cha mchungaji wa Scotland, Alexander Hislop, kilichotoka mwaka 1858 kuwapiga Wakatoliki. Wataalamu wa Babeli hawakuyaona mambo hayo katika maandiko ya kale. Ni ajabu Mwislamu kuchukua silaha iliyofuliwa kwa ugomvi wa watu wengine, na asiangalie hata kama ina makali.

TUNALOJIFUNZA

Tatizo alilolishika Nestorius lilikuwa la kweli, ila alilishika kwenye tawi. Cyril alimzidi kwa mantiki: mkishakubali kwamba mtoto ni Mungu, mtakataaje kwamba aliyemzaa ni mama wa Mungu? Nestorius alilitaka shina na kulikataa tunda, na akateseka maisha yake yote akitafuta neno la kuyapatanisha. Jina la Mama wa Mungu halikuhitaji Artemis ili lizaliwe. Lilizaliwa na imani juu ya mwanawe.

Qur'an inalishika kwenye shina. Katika Suratul Maida aya ya 75 Allah (S.W.) anatueleza kwamba Masihi mwana wa Maryam ni Mtume tu, na mama yake ni mkweli, na wote wawili walikuwa wakila chakula. Ni hoja inayoeleweka na mtoto: anayekula anahitaji, na anayehitaji si Mungu. Aya ya 116 ya sura hiyo hiyo inatupeleka Siku ya Kiyama, ambapo Nabii Isa (A.S.) ataulizwa kama ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake waungu wawili, naye atakana.

Wakati huo huo Qur'an haimshushi Bi Maryam hata chembe. Ndiye mwanamke pekee aliyetajwa ndani yake kwa jina, ana sura yenye jina lake, na Suratu Al Imran aya ya 42 inatufahamisha kwamba Allah amemteua juu ya wanawake wa walimwengu. Kwa hiyo Mwislamu anayemtaja kwa dharau, akimlinganisha na sanamu za Efeso ili amuudhi Mkatoliki, amuulize mwenyewe anamdharau nani.

Liko na funzo la mwisho. Tumeamrishwa tusifuate tusilo na elimu nalo, na chuki yetu kwa watu isitutoe katika uadilifu. Nestorius aliingia Konstantinopoli akiwa na jambo la maana la kusema, lakini aliwachomea watu nyoyo kabla hawajamsikia, na ilipofika siku ya kuhitaji mtetezi hakubaki hata rafiki.

Mwenzangu wa chumba tulikwisha hitimu sote wawili. Kabla ya kuachana nilimwendea, nikamwambia lile neno la Artemis nalifuta, sina ushahidi nalo. Kisha nikamuuliza swali la Suratul Maida, la chakula. Alicheka, tukakaa mpaka adhana ya Alfajiri.

Wabillahi tawfiq.